Sanamu ya taka, ukuta, khanga au igizo: mkitaka kuisemea bahari mchague lipi

Kila ikikaribia Juni 8, Siku ya Bahari Duniani, napata meseji zilezile. Klabu ya shule au kikundi cha mtaani, washachangishana vihela, wanataka wafanye sanaa ya kuwaamsha watu kuhusu uchafu wa bahari na huu mwani wenye sumu ambao siku hizi unatajwatajwa, na wote, yaani wote, washaamua watatengeneza samaki mkubwa wa chupa za plastiki. Ukiwauliza kwa nini samaki wa chupa, wanakwambia si ndo inavyofanywaga. Haya. Mimi hizi kazi nimezishika miaka kadhaa hapa Unguja, nimeshona ndala kwa sindano ya magunia mpaka vidole vikatoka damu, nimepaka kuta, nimesimama diko, pale wavuvi wanaposhusha samaki, naigiza kasa huku wavuvi wananicheka, kwahiyo sisemi kwa kusoma tu. Ngoja niwawekee ubavu kwa ubavu alafu mchague wenyewe.

Ila kabla ya hapo kuna kitu lazima mkijue maana ndo kinaamua kila kitu. Mnasema "uchafuzi wa bahari na mwani hatari" kama kitu kimoja, kumbe kwa msanii ni vitu viwili vya tabia tofauti kabisa. Plastiki inaonekana. Ndala iliyokatika mkanda inajieleza yenyewe, haihitaji mkalimani. Sumu ya mwani haionekani, haina harufu, mara nyingi haina hata ladha, na unaweza ukawa umeishika mkononi unampelekea mwanao. Sasa utachonga nini hapo?

Na kingine, Kiswahili chetu kimetubebesha neno moja kwa vyote. Mwani ni ule wanaolima kina mama Paje na Jambiani, spinosum na cottonii, wanaukausha wanauuza na ndo ada ya mtoto. Mwani tena ni hivi vijimwani vidogo sana vinavyoelea majini, kimoja kimoja hukioni mpaka kwa hadubini, ila vikipata chakula kingi, mbolea iliyotoka mashambani, maji ya vyoo yanayoachiwa baharini, nitrojeni na fosforasi kwa jina la darasani, vinazaliana kwa fujo, maji yanabadilika rangi, vikifa vinaoza na kule kuoza kunakula hewa yote ya majini samaki wanakufa. Na baadhi yake vina sumu. Mara ya kwanza tulivyoandika bango tukaandika MWANI NI HATARI kwa herufi kubwa nyekundu, tukalipeleka kijiji cha wakulima wa mwani. Mama mmoja akalisoma, akatutazama, akauliza, "Wanangu, nimewakosea nini?" Tulilikunja palepale.

Kwahiyo andikeni "mwani wenye sumu" siku zote, neno zima, hata kama nafasi ni finyu.

SANAMU LA TAKA

Hili linavuta macho kuliko yote, sibishi. Mfano ambao kila mtu anao kichwani ni jahazi la Flipflopi la Lamu. Fundi Ali Skanda na wenzake walichukua plastiki ya kuokotwa, kama tani 10, ikayeyushwa ikatolewa mbao na mataruma, yaani mbavu za chombo, wakaichonga kwa mkono kama wanavyochonga mti, alafu ubavuni wakalivika ndala kama 30,000 za kila rangi. Lilishushwa majini 2018, mwanzoni mwa 2019 likatoka Lamu mpaka hapa Zanzibar, kilomita kama 500, na 2021 wakalipeleka Ziwa Victoria.

Watu wanaliangalia lile jahazi wanaona rangi tu wanasema na sisi tutafanya. Wanachokosa ni kwamba lile linatembea. Mvuvi wa Shimoni au Tanga anajua chombo, akikiona cha plastiki kimepandisha tanga na kinakwenda anasogea mwenyewe, anagonga ubao, anauliza limebanwaje, linavuja halivuji, na hapo ndo mazungumzo ya taka yanaanzia, bila mtu kumhubiria. Samaki wenu wa chupa atakaa kipilefti miaka miwili anapigwa vumbi na hakuna atakayemuuliza kitu.

Njia nyingine ya taka ni ile ya Ocean Sole wa Kenya. Wazo lilitoka Kiwayu mwishoni mwa miaka ya 1990, Julie Church aliona watoto wanatengeneza midoli kwa ndala zilizotupwa na bahari, leo wana karakana Nairobi wanabandika ndala wanachonga tembo, twiga, kasa, wanauza mpaka nje. Sasa ile ni biashara, na kama kikundi chenu kinataka kipato basi hapo ndo penyewe, lakini mjue mteja wenu atakuwa mgeni anayeondoka na ndege, si yule jirani anayemwaga taka mtaroni. Si vibaya. Mjue tu mnaongea na nani.

Aibu yetu sasa. Tulitengeneza kasa mkubwa wa chupa za maji na nyavu za nailoni, tukamweka ufukweni, tulipiga picha, tulipata laiki kibao. Gamba tulibandika kwa gundi ya moto, ile ya fimbo. Jua la kaskazi likailainisha gundi, chupa zikaanza kuning'inia, na kusi ilipoingia upepo ukammaliza. Wiki nzima tukawa tunaokota ufukweni taka za sanamu letu la kupinga taka. Na zile tulizookota ndo nafuu, maana plastiki ikipigwa jua muda mrefu inakuwa kama biskuti, ukiishika inapukutika vipande vidogovidogo ambavyo huviokoti tena maisha yako, vinaingia mchangani na kwa samaki. Sponji ya ndala ndo mbaya zaidi.

Kwahiyo mkiamua sanamu, msingi uwe nondo, fundi wa kuchomelea awafungie, juu yake wavu wa kuku, vitu vishonwe kwa mshipi wa kuvulia visigundishwe, na akae chini ya paa. Mpake rangi ya kuzuia kutu kabla hamjavisha chochote maana hewa ya chumvi haina huruma na chuma. Mkiokota vaeni glovu ngumu, sindano za hospitali zipo ufukweni jamani msijidanganye. Msichome plastiki kuilainisha kwenye jiko la mkaa, ule moshi ni sumu. Na kabla hamjaanza mwandike kwenye daftari, huyu mnyama akichakaa anakwenda wapi na nani anambeba. Kama hamna jibu, msimuanze.

Na kwa mwani wenye sumu? Sanamu halina kitu. Nimeona watu wanatengeneza zimwi la kijani wanaandika "algae". Mtoto anacheka, anapiga nalo selfi, anakwenda zake.

UKUTA

Mchoro wa ukutani unawafikia watu bila kuwaita. Anayepita kwenda sokoni anauona kila siku, atake asitake, na ukipigwa sehemu ya mnada au karibu na skuli unafanya kazi miaka. Bei ni ya katikati, rangi, brashi, ngazi ya kuazima, soda za vijana.

Tatizo la kwanza ni ruhusa. Mwenye ukuta, sheha (kiongozi wa serikali wa mtaa huku Zanzibar), na kama mpo Mji Mkongwe ndo kabisa, pale ni urithi wa dunia tangu 2000 na kuta hazichorwi ovyo. Tatizo la pili watu hawalijui, kuta zetu nyingi za zamani ni mawe ya matumbawe na chokaa, zinapumua, unyevu unaingia na kutoka. Ukizipaka rangi za kisasa za maji unazifunga pumzi, unyevu unakwama ndani, plasta inavimba na kubanduka na mchoro wako juu yake. Na hizo rangi zenyewe, akriliki, ni plastiki! Ndio. Zikichakaa zinabanduka magamba, mvua ya masika inayasomba mpaka mtaroni na mtaro unaishia mnapojua. Nilivyolijua hili nilikaa chini kidogo. Kwa ukuta wa chokaa tumieni chokaa yenyewe iliyotiwa rangi za udongo, hutapata zambarau wala pinki inayowaka, ila inakaa vizuri na haimwagi plastiki. Kwa ukuta wa saruji akriliki sawa basi, ila brashi msizioshee pwani, oshea kwenye ndoo, maji yatuame, tope likauke ndo litupwe jalalani. Nimewahi kuona kikundi kinaosha brashi baharini huku bango la "Tuilinde Bahari" linawaangalia.

Kama hamna ukuta kuna njia ya Tingatinga, kipande cha hadibodi na rangi ya mafuta, alivyoanza mzee Edward Saidi Tingatinga kule Dar es Salaam kabla hajafariki 1972. Hadibodi unaibeba, leo ipo skuli kesho ipo diko, ikinyesha unaiingiza ndani. Mimi kwa vikundi vidogo naipenda kuliko ukuta, basi tu vijana wanataka vitu vikubwa.

Kwa mwani wenye sumu ukuta unaweza kusaidia na unaweza kuharibu. Kosa ambalo kila mchoraji analifanya ni kupaka bahari nyekundu kama damu na mafuvu juu yake. Mtazamaji anaondoka na somo kwamba maji yakiwa mekundu kuna sumu, yakiwa ya bluu mambo safi. Si kweli! Sumu nyingi hazibadilishi rangi ya maji hata kidogo. Na upande wa pili, wakati wa joto huku kwetu bahari inakuwaga na utando wa kahawia kama vumbi la mbao la kwa fundi seremala, umeona? Ile wataalamu wanaiita Trichodesmium, na ni ya kawaida kwenye maji yetu, ipo ilivyo miaka yote. Ukiichora na fuvu unawatia watu hofu ya bure, na siku wakigundua uliwadanganya hawatakuamini kwenye ile ya kweli.

KHANGA

Hapa ndo roho yangu ilipo na sifichi, kama hamtaki mapendeleo rukeni sehemu hii.

Khanga, au leso kwa ndugu zetu wa Mombasa, ina pindo, ina mji, yaani pale katikati, na ina jina, yale maneno yaliyoandikwa. Watu wa nje wanaona kitambaa cha maua, sisi tunasoma jina kwanza. Ni kitu pekee kwenye orodha hii kinachoingia jikoni. Sanamu lipo ufukweni, ukuta upo barabarani, khanga ipo kiunoni mwa mama anapokata samaki. Na ukifikiria habari nzima ya mwani wenye sumu inaishia wapi, inaishia jikoni.

Nieleze hapo. Vijimwani vinatoa sumu, samaki au konokono au kasa anakula, yeye hadhuriki, anakula mwenye kumla yeye. Na karibu sumu zote hizi zina tabia moja mbaya, moto hauziondoi. Ile inayoitwa sigwatera, inayotoka kwenye vijimwani vinavyoota juu ya matumbawe yaliyokufa na kupanda mpaka kwa samaki wakubwa wa miambani, ukikaanga ukichemsha ukitia ndimu, ipo. Ile ya kijani ya Ziwa Victoria, ghuba ya Winam pale Kisumu maji yanakuwa kama yamepakwa rangi, ina sumu ya ini, na mtu akichemsha maji anadhani ameyasafisha kumbe sumu imebaki palepale. Na Panza, Pemba, Machi 2024, watoto wanane na mtu mzima mmoja wakafariki kwa kula nyama ya kasa, wengine 78 wakalazwa. Wataalamu wanaihusisha sumu ya kasa na mwani wenye sumu wanaokula baharini. Sumu hiyo nayo, kupika hakuiondoi.

Kwahiyo ujumbe mmoja unaohitaji kuingia kichwani mwa watu ni huu, usitegemee moto. Sasa ulinganishe mwenyewe, utauandika wapi?

Tulikaa kuandika jina. Sisi vijana tukaja na "Jihadharini na mwani wenye sumu baharini". Bibi mmoja jirani yetu akasikiliza akauliza, "Hiyo mtu atamvalia nani?" Akasema khanga si tangazo la serikali, khanga ina fumbo, anayevaa lazima iwe ina maneno yake mengine pia, mke mwenza, jirani, mume. Akakaa kimya kidogo akatoa yeye: MOTO HAUUI KILA SUMU. Jamani. Ndani yake kuna kasa, kuna samaki, na kuna yule jirani mwenye ulimi. Wanawake waliitaka palepale kabla hata haijakauka. Kwa upande wa taka tukapata BAHARI SI JAA, nayo iliuzika ila si kama ile ya bibi.

Ubaya wake ni huu. Kiwandani hawachapi doti kumi, wanataka oda ya maana na pesa mbele, kwahiyo kwa kikundi kidogo sahau khanga ya kiwandani labda mpate mfadhili. Sisi tulinunua kitambaa cha merikani, tukakata stensili kwenye filamu za eksirei za zamani, zile ngumu za hospitali, tukagonga kwa sponji na rangi ya kitambaa, ikikauka unapiga pasi kwa nyuma ili rangi ishike. Inatoka nzuri ila si khanga, na kina mama watakwambia wazi kwamba si khanga. Herufi lazima ziwe nene maana za kuchonga nyembamba zinachanika siku ya pili. Ubaya mwingine, khanga inasema sentensi moja tu. Mtu akiuliza "sumu gani?" haijibu.

IGIZO

Igizo linajibu, na ndo faida yake kubwa, faida ambayo vitu vingine vyote hivi havina.

Tulicheza kwenye diko moja. Mimi kasa, mwenzangu kijimwani amevaa kandambili za kijani masikioni (usiulize). Tukamaliza, watu kimya, alafu mzee mmoja akanyanyuka, "Mwanangu, mimi babu yangu amekula kasa, baba yangu amekula kasa, na mimi hapa nimekula. Mbona hatukufa?" Umati mzima ukaguna kwa kukubali. Sasa fikiria lingekuwa sanamu, lingefanyaje? Bahati dada mmoja wa kikundi alikuwa amejiandaa, akamjibu kwa heshima zake, "Shikamoo babu. Ni kweli, si kila kasa ana sumu. Inategemea amekula nini siku hizo na wapi. Tatizo mwenye sumu na asiye na sumu wanafanana, nyama ni ileile, ladha ni ileile, na dawa yake haipo. Babu zetu walikuwa na bahati, na hatuna pa kuisoma bahati." Mzee akasema "hilo la kufanana sikulijua", akakaa. Lile jibu lilifanya kazi kuliko igizo lote la nusu saa.

Gharama ni ndogo mno, kinachohitajika ni mazoezi na mtu mmoja anayeijua mada kikweli. Lakini igizo linakufa siku ileile, aliyekosa amekosa, na vidio ya simu yenye upepo haifidii. Na lazima mjue muda wa watu wenu, hapa vikundi vya mjini ndo vinaanguka. Mkitaka wakulima wa mwani msiende wakati wa bamvua, maji yakitoka sana wao wapo shambani kwao baharini, mtawachezea mbuzi. Nendeni maji mafu, yale yasiyotoka sana. Mkitaka wavuvi wa dagaa nendeni usiku wa mbalamwezi, taa zao hazina kazi mwezi ukiwaka kwahiyo wapo nchi kavu, wamepumzika, wanatafuta cha kuangalia. Sisi tulijifunza kwa kukuta diko tupu.

Na tafadhali, mkienda Pemba au popote palipopata msiba, msiigize watoto wanaokufa. Kuna mtu kwenye umati ni mzazi. Muigize kasa, muigize sufuria, muigize muuzaji, inatosha.

Kuna kitu kidogo nimekisahau, picha za mwani mkavu. Unaokota mwani uliotupwa na maji, unauelea kwenye sinia la maji, unapitisha karatasi nzito chini yake unaunyanyua taratibu, unafunika kitambaa na magazeti na kitu kizito juu, unabadilisha magazeti kila siku mpaka ukauke. Una ute wake unajigundisha wenyewe bila gundi. Kwa watoto wa madarasa ya chini hakuna kama hii, na inawafundisha kuutofautisha mwani wa kawaida na matatizo. Wasishike ile nyuzinyuzi kama nywele iliyokolea rangi inayojisokota kwenye kamba za mashamba ya mwani, inawasha ngozi vibaya, kina mama wa mwani wanaijua.

SASA MCHAGUE

Kama shida ya mahali penu ni taka, mtaro unamwaga ufukweni na kila mtu anaona lakini kazoea, basi sanamu au ukuta, na kati ya hivyo viwili mimi nachukua kitu kinachotumika kuliko kinachotazamwa. Kama shida ni sumu isiyoonekana, igizo na khanga, kwa mpangilio huo, igizo lianze lijibu maswali, khanga ibaki kijijini nyinyi mkishaondoka. Wenzetu waliopo Muscat nao hili wanalijua, 2008 kuingia 2009 pwani ya Oman ilijaa vijimwani mpaka Ghuba, samaki wakafa kwa wingi na mitambo ya kugeuza maji ya bahari kuwa ya kunywa ikalazimika kusimama upande wa Emirati. Huko pengine ukuta ungefaa kweli, maji yalibadilika rangi na kila mtu aliyaona, halafu swali la watu lilikuwa kwenye bomba la nyumbani. Kwa hiyo msikopi cha kwangu, angalieni kwenu watu wanakutana na tatizo wapi, pwani, sokoni, bombani au chunguni, sanaa iwe palepale.

Kwa hela, igizo ndo rahisi, picha za mwani zinafuata, hadibodi, stensili, ukuta, alafu sanamu, nondo na fundi wa kuchomelea wanakula bajeti kabla hamjaokota hata chupa. Kwa muda, sanamu linataka miezi mkilifanya vizuri, igizo wiki tatu za mazoezi ya jioni, stensili wikiendi mbili. Kwa picha za mitandaoni sanamu linashinda mbali sana na hapo ndo mtego wenyewe, maana mfadhili anataka picha na nyinyi mnataka mfadhili. Mkibanwa hivyo fanyeni igizo lenu, mvae merikani mliyogonga jina, mpige picha hiyo. Inatoka vizuri, mimi nimeshaituma kwenye ripoti na hakuna aliyelalamika.

Na kama bado mmeng'ang'ania samaki wa chupa, maana najua mpo, basi mfanyeni wa wavu wa chuma, tumbo wazi, mdomo mkubwa, asiwe na chupa hata moja siku ya uzinduzi. Watu ndo wamlishe. Ufukweni watoto watakimbizana kuokota wamjaze, nimeona kwa macho yangu amejaa mchana mmoja. Ila muandike kabisa jina la atakayemmwaga kila Ijumaa na chupa anazipeleka kwa nani, maana tulipomaliza wa kwetu tulisahau hilo, akajaa mpaka mdomoni, watu wakaanza kumlundikia chini, na wiki ya tatu sheha akapiga simu kuuliza nani kaweka jaa jipya pwani.